Kiti cha Nyuma

Mtu akikaa kwenye pikipiki, springi hubonyea. Akishuka, springi hupanda. Hilo halihitaji cheti cha ufundi. Sasa Jumamosi ile, saa nne asubuhi, mke wa Fundi alishuka kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki ya mumewe, akakung'uta gauni, akasimama pembeni kabisa, na springi haikupanda.

Fundi alikuwa amechuchumaa nyuma ya tairi, penseli sikioni. Akaingiza vidole katika pengo lililo kati ya tairi na madigadi. Kabla mkewe hajakaa, vilienea vidole vinne. Alipokaa, viwili. Sasa ameshuka, na bado ni viwili.

"Umeshuka kweli?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hee! Na huyu unayemwona hapa ni nani, mke mwenzangu?"

Mke mwenza ndilo jina aliloipa pikipiki ile, na si kwa kuionea. Miezi minane sasa ilikuwa inamla mumewe. Ilikuja nyumbani vipande vipande ndani ya magunia, kuukuu, imezaliwa kabla ya Fundi mwenyewe, imetolewa kwenye rundo la vyuma chakavu. Siku sita za wiki Fundi alitengeneza pikipiki za watu gereji. Ya saba, Jumamosi, alifunga mlango wa uani akaishughulikia ya kwake. Injini aliifumulia juu ya meza ya chakula. Pistoni aliiosha kwa petroli ndani ya sufuria ya wali, na sufuria ile mkewe hakumsamehe kamwe.

Kitu kimoja kilimuudhi Fundi tangu mwanzo. Pikipiki ilikuwa na kiti cha mtu mmoja. Si kwamba ilitoka kiwandani hivyo. Kuna mtu aliikata fremu ya nyuma kwa msumeno, akaziba ncha za mabomba kwa vipande vya chuma, akavichomelea pande zote bila kuacha tundu la kupitisha hata sindano.

"Mjinga gani huyu aliyekata fremu nzuri namna hii?" Fundi alisema, akawasha grenda.

Chuma kilipoachia, ndani ya bomba ilitoka pumzi. Sina neno jingine. Hewa ya baridi ilimpiga usoni, ina harufu ya chuma cha moto kilichotumbukizwa majini. Fundi akapiga chafya, akaendelea. Akaunga mabomba mapya, akairefusha fremu, akaweka springi mpya na kiti kirefu cha watu wawili. Ngozi nyeusi ya kiti aliishona mkewe mwenyewe kwa cherehani yake, mshono maradufu. Tusimwonee Fundi, nia yake ilikuwa njema. Miaka tisa ya ndoa hajawahi kumtembeza mkewe popote isipokuwa msibani na hospitali. Pikipiki ile alikuwa anamtengenezea yeye.

Lakini Fundi alivunja sharti, na alijua analivunja. Mwalimu aliyemfundisha kazi alikuwa na sharti moja ambalo kwa hilo alikuwa tayari kumzaba mtu kofi: chombo kilichofumuliwa na kusukwa upya hakikaliwi na mtu yeyote mpaka injini iwake kwanza. Iungurume, itikisike, itoe moshi wake, ndipo binadamu apande. Sababu hakuwahi kuitaja. Wanafunzi walidhani ni habari ya stendi kuteleza na mtu kuvunjika mguu. Na Fundi, aliyekuwa akiwafokea vijana wa gereji kwa sharti hilohilo, asubuhi ile injini ikiwa haijapigwa kiki hata mara moja, alimwita mkewe akae ili apime springi kwa uzito wake.

"Itakuwa grisi nzito," akajisemea. Akatikisa kiti. Springi ikalia *kwii*, ikabaki palepale.

Jumatatu cherehani iligoma. Ilikuwa cherehani ya miguu, na mkewe aliikanyaga pedali isisogee. Akaikanyaga kwa miguu yote miwili. Mwishowe akasimama juu yake, kashika ukuta.

"Fundi, njoo, cherehani imekufa."

Fundi akaibonyeza pedali kwa kidole gumba cha mguu. Gurudumu likazunguka mbio. Wakatazamana, wakacheka, mke akasema labda amechoka.

Jumanne Fundi aligundua kwamba hamsikii mkewe akitembea. Mwanamke yule alikuwa na ndala zilizokuwa zikitangaza safari zake zote, jikoni, msalani, uani. Sasa Fundi akigeuka tu, huyu hapa nyuma yake, na ndala kavaa. Usiku akipanda kitandani, godoro halijui. Fundi alilala akimshika mkono ili awe na hakika kwamba yupo.

Jumatano walikwenda kwa dada yake Fundi, mwenye duka la nafaka. Dada alikuwa na mizani ya kupimia magunia, ile ya kusimama chini yenye sahani pana ya chuma.

"Wifi, mbona umepauka?" dada alisema. "Hebu panda hapa tuone kama ndugu yangu anakulisha."

Akapanda. Mshale haukutikisika. Dada akaigonga mizani kwa ngumi, akaweka gunia la maharage, mshale ukaruka mpaka hamsini. Akaliondoa gunia, akampandisha wifi yake tena. Mshale ukasogea kidogo, ukasimama kwenye tatu.

Hakuna aliyecheka. Dada alifunga nusu ya mlango wa duka, akasema kwa sauti ya chini, "Shuka, wifi. Shuka taratibu."

Njiani kurudi upepo ulikuwa unavuma, na mkewe alimng'ang'ania mkono kwa nguvu zote.

"Fundi, nakuambia kitu, usinione nina wazimu."

"Sema."

"Hapa natembea, si ndiyo? Lakini najihisi nimekaa. Tangu Jumamosi najihisi nimekaa, na miguu yangu inaning'inia. Naogopa, mume wangu."

Fundi alisema watakwenda kwa daktari. Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na hofu, na mwenye hofu hukimbilia neno lililo karibu. Nyumbani alikwenda moja kwa moja uani, akachuchumaa, akapima. Kidole kimoja.

Alhamisi mkewe aliamka mzima. Yaani alikuwa mchangamfu, akiimba kwa pua, akipanga vyombo. Hakutaja tena kukaa wala kuogopa. Fundi alipomuuliza habari ya daktari alishtuka kama mtu aliyeulizwa habari za jirani. "Daktari wa nini? Mimi sina neno." Alikuwa bado mwepesi, ndala bado bubu, lakini alipopita karibu, Fundi alisikia harufu ya chuma cha moto kilichotumbukizwa majini. Ilikuwa inatoka kwenye nywele zake.

Mchana wa siku hiyo, jua limesimama utosini na mtaa mzima umenyamaza kwa joto, Fundi, ambaye hakwenda gereji kwa ajili ya mkewe, alisikia mtu analia uani. Kilikuwa kilio kidogo, cha kuziba mdomo kwa kiganja. Akasogea mlangoni. Pikipiki ilikuwa juu ya stendi yake, hakuna mtu, lakini ngozi nyeusi ya kiti cha nyuma ilikuwa imebonyea katikati, mbonyeo wa makalio ya mtu, na mshono maradufu ulikuwa umekazana pande zote mbili. Springi ikalia *kwii*. Kilio kikakoma.

"Wewe ni nani?" Fundi alinong'ona.

Ngozi ikalia tena, polepole, na mbonyeo ukasogea mbele, kama mtu aliyeinama kutaka kumshika bega. Fundi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na mkewe alikuwa amesimama pale akimtazama, kisu mkononi, nyanya nusu mkononi.

"Usimsemeshe," mkewe alisema kwa upole. "Atakuzoea."

Ndipo Fundi alipompigia dada yake, na dada ndiye aliyemleta mganga, aliyeitwa Bi Miwani.

Usitegemee mashungi meusi na moshi. Bi Miwani alikuwa mama mfupi mwenye miwani mizito na mfuko wa plastiki, na alizungumza upesi upesi kama karani aliyeacha foleni dirishani. Alikagua pikipiki pande zote bila kuigusa. Akainama akatazama mahali fremu ya zamani ilipokutana na mabomba mapya.

"Hapa palikatwa?"

"Palikatwa na kuzibwa. Mimi nikafungua."

"Umefungua." Bi Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Aliyekata hakuwa mjinga, baba. Kuna kitu kilizoea kubebwa na chombo hiki. Mwenzako alikinyima mahali pa kukaa, akakifungia ndani ya bomba. Wewe umekifungulia, na kiti umekiwekea."

Dada akajishika mdomo. Fundi alitazama chini.

"Sasa nisikilize vizuri," Bi Miwani alisema. "Nina swali moja tu, na nataka jibu la kweli. Baada ya kukiweka kiti hiki, kabla injini haijawaka, kuna mtu yeyote aliyekikalia?"

Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa, wasomaji wangu, juu ya ulimi wa mtu mmoja. Fundi aliiona gereji nzima mbele ya macho yake, wale vijana aliowatukana kwa sharti hilo, na kofi la mwalimu wake. Dada yake alikuwa pale, na dada yake ana mdomo. Kesho mtaa mzima ungejua kwamba Fundi mkuu amefanya kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na amelifanya kwa mke wake mwenyewe.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna kabisa?"

"Mimi ni fundi, mama. Sharti hilo nalijua."

Mkewe alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alimsikia. Alimtazama mumewe, akatabasamu kidogo, akanyamaza, na Fundi alimshukuru moyoni kwa kumfichia aibu. Laiti angejiuliza kwa nini mwanamke anayedhurika ananyamaza!

"Basi kama hakuna," Bi Miwani alisema, "aliyekaa pale ni mwenyewe aliyefungiwa bombani, na kutoka hapo ndipo anamnyonya mkeo uzito. Tutamshusha. Kesho kabla ya adhuhuri washa chombo, mbebe, mpeleke njia panda kubwa, mbali, pasipo na mtaa, ili asijue njia ya kurudi. Simama. Mwambie tumefika, shuka. Atakuita kwa sauti unayoipenda. Atalia. Usijibu, usigeuke. Ukigeuka, mkeo humpati tena."

Ijumaa Fundi alipiga kiki mara moja tu, na injini ikawaka. Miezi minane ya kazi, kiki moja! Hata katika hofu ile mkono wake ulipapasa tanki kwa fahari, ndivyo mafundi walivyo. Mkewe alisimama mlangoni akampungia mkono. Dada na Bi Miwani walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara. Fundi akaingiza giya.

Hajafika hata kona ya kwanza mikono miwili ilimzunguka kiunoni.

Aliiona? Hakuona kitu, shati lake tu likibanwa ubavuni na vidole visivyoonekana. Pikipiki ilikuwa nzito nyuma, inayumba kwenye mashimo jinsi inavyoyumba ikibeba mtu mzima. Akapita soko, akapita shule, akapita nyumba za mwisho, na barabara ikabaki nyeupe kwa jua na vumbi, na hapo, karibu na sikio lake, juu ya mlio wa injini, sauti ikasema:

"Fundi."

Alikuwa mkewe. Ilikuwa sauti yake ileile ya kila asubuhi akiamka, yenye mkwaruzo kidogo.

"Fundi, tunakwenda wapi? Mbona husemi? Wiki nzima nakuita pale uani, hunijibu. Yule aliyeko ndani si mimi, mume wangu, mimi niko hapa, nimeshindwa kushuka."

Fundi aliuma meno. Atakuita kwa sauti unayoipenda, mganga alikwisha sema, na lo, kaweza kuiiga, kaiiga mpaka mkwaruzo, na kadiri sauti ilivyomsihi ndivyo alivyozidisha moto, machozi yakimtoka na kukaukia mashavuni kwa upepo, akisoma kila dua aliyowahi kufundishwa na nyingine alizozibuni palepale, huku mikono ile ikimkaza kiunoni, na paji la uso likijilaza kati ya mabega yake kama mkewe alivyokuwa akijilaza walipokuwa wachumba, na sauti haikutukana, haikutisha, haikutaka damu wala kafara, ilisema tu, katikati ya kwikwi, "Funga koti, basi. Upepo mwingi, na kifua chako unakijua."

Hapo nusura ageuke. Shingo ilikwisha anza kugeuka. Akaikaza.

Njia panda ilikuwa pana, barabara nne zinakutana, malori na pikipiki zinapita bila kusimama. Fundi akasimama ukingoni, injini ikiunguruma, macho mbele.

"Tumefika," akasema. "Shuka."

"Nishuke hapa? Fundi, hapa sipajui."

"Tumefika. Shuka."

"Usiniache. Nakuomba, mume wangu, usiniache hapa, sitajua pa kurudia—"

"Tumefika. Shuka!"

Mikono ikalegea kiunoni, mmoja, kisha wa pili. Springi ikalia. Pikipiki ikanyanyuka nyuma, nyepesi, na Fundi akazungusha mshikio wa kuongezea moto, akaondoka. Nyuma yake alisikia nyayo za mtu akikimbia kwenye kokoto, na jina lake likiitwa, tena, na tena, mpaka injini ikalifunika. Hakugeuka.

Alipofika nyumbani kitu cha kwanza alichosikia ni ndala. Pwata, pwata, pwata, kutoka jikoni mpaka mlangoni. Alimkumbatia mkewe palepale, akamnyanyua, au alijaribu kumnyanyua akashindwa, akacheka kwa furaha ya kushindwa. Alilia kama mtoto. Mkewe alimfuta uso, akamketisha mezani, akampakulia wali. Akakaa mbele yake, na kigoda kikatoa mlio wa mbao inayopasuka.

"Amekwenda," Fundi alisema, mdomo umejaa. "Nimemshusha njia panda. Kwisha habari yake."

"Najua. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Alivyokuita. Maskini, mpaka mwisho anakuhangaikia kifua." Akamsogezea chumvi. "Anakupenda sana, yule."

Fundi aliacha kutafuna. Harufu ya chuma cha moto kilichotumbukizwa majini ilikuwa imejaa chumba kizima. Mwanamke aliyekaa mbele yake alikuwa na uso wa mkewe, kovu la mkewe kidevuni, mikono ya mkewe, na alikuwa akimtazama kwa shukrani ya kweli, jinsi mtu anavyomtazama aliyemwokoa.

"Yule mama aliuliza swali la maana," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani nimekwisha. Ungesema kweli, angejua aliyenasa kitini ni nani, na mimi ndiye ningetolewa humu mwilini. Ahsante, Fundi."

Aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake, akatoka mbio uani, akaishika pikipiki. Kiki ya kwanza ikateleza. Ya pili ikawaka. Alikuwa analia jina la mkewe kwa sauti, jina ambalo wiki nzima hakulitamka.

Ndala zikamfuata mpaka mlangoni, nzito, bila haraka.

"Nenda, sikukatazi," alisema aliyesimama pale. "Lakini pale njia panda pikipiki zinapita nyingi, mume wangu. Na kila moja ina kiti cha nyuma."